Mafuta ya Nazi Kwenye Saa

Biashara ilipofunguliwa, saa za betri zilijaa madukani Mbinga, na watu wa kwetu Maguu wakavua zile za kutia ufunguo. Nilikuwa katekista, na walijua nazipenda. Waliniletea baada ya ibada: mzee, chukua hii, imekufa. Nilizitunza katika kopo la maziwa, kila moja na kitambaa chake. Nyingi hazikuwa zimekufa, zilikuwa na uchafu tu. Unalegeza kamani kwanza, ile springi inayoiendesha saa, unaosha magurudumu kwa petroli na brashi laini, unatia tone la mafuta kwa ncha ya sindano. Mara nyingi saa inaamka yenyewe.

Mke wangu alipougua tulimteremsha ziwani, kwenye hospitali ndogo ya misheni, kwa kuwa dada yake aliolewa upande ule wa Lipingo. Nilikaa naye wiki mbili. Mchana, akilala, nilikuwa kibarazani naisafisha saa niliyoivaa mwenyewe, nzuri kuliko zote. Mafuta ya cherehani nilikuwa nimeyaacha nyumbani. Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyokuwa akipakwa, na kwa joto la kule yalikuwa mepesi kama maji. Nikatia tone. Saa ikatembea vizuri siku zote nilizobaki, na mke wangu akanicheka kwamba sasa inanukia kama bibi harusi wa Pwani.

Kahawa ikaiva. Akaniambia nipande mlimani, nyumbani, nichume, kisha nirudi. Ilikuwa mwezi wa saba. Kila mtu wa milimani anajua mafuta ya nazi yanavyokuwa huku mwezi wa saba: asubuhi tunaweka chupa karibu na moto ndipo yatoke. Nilijua hilo tangu utotoni. Sikulifikiria.

Siku ya nne dereva wa lori la dagaa alileta ujumbe wa shemeji, yule dada wa mke wangu: hali ya dada imebadilika, njoo. Akasema atashuka kesho saa nne asubuhi na hatangoja mtu, kwa ajili ya ubovu wa barabara.

Kesho yake asubuhi nilimenya kahawa niliyochuma jana yake, isiharibike. Mikono ilikuwa na utelezi, kwa hiyo saa niliitundika msumarini, kwenye baridi. Ukungu ulikuwa umefunika hata migomba, jua halikuonekana. Saa iliposema saa tatu na nusu nilinawa, nikavaa, nikaenda barabarani. Wanawake waliokuwa wakiuza maharage wakaniambia lori limeondoka zamani. Nilisimama kidogo. Kisha nikaanza kutembea.

Nilifika kesho yake mchana. Mke wangu alikuwa amefariki jana yake jioni. Lori lilikuwa limefika alasiri ya siku hiyohiyo.

Nilisali sala za marehemu na sikukosea neno. Sikulia. Watu walidhani ni imani, nikawaacha wadhani hivyo. Mimi nilikuwa nasikia miguu tu, jinsi ilivyovimba.

Walipotawanyika nilimweleza shemeji habari ya saa na mafuta, jinsi yalivyoganda kwa baridi na kuichelewesha, yote. Alisikiliza akiwa ameinama.

"Shemeji, aliniuliza mara mbili kama umefika," akasema. "Mara ya pili nikamwambia umefika, uko nje unanawa miguu."

"Akasemaje?"

"Akasema, mpeni chakula kwanza, njia ni ndefu. Basi. Hakuuliza tena." Akafuta pua kwa kanga. "Nimemdanganya mtu anayekufa. Wewe ndiye katekista, niambie, ni dhambi?"

Nilikuwa nimefundisha Amri Kumi kwa miaka mingi, na jibu nililijua jinsi linavyoandikwa. Nikamwambia sijui. Leo, katika sala zangu, namshukuru Mungu kwa ajili ya shemeji, lakini siku ile sikuwa na shukrani wala hasira.

Akaleta ugali na samaki wa mbasa, akanimiminia maji mikononi. Nikala. Nilimaliza sahani yote, naye alikaa pale akinitazama mpaka nikamaliza.