Chanzo Kiko Koyama

Juzi nilikuwa nikingoja zamu kwenye duka la fotokopi nje ya chuo kimoja hapa Kismayo, mara mwanafunzi wa somo la uandishi akambana mwalimu wake pale kaunta. Darasa lilikuwa limeagizwa kueleza kazi wanayoijua, hatua kwa hatua. Binti huyu aliandika jinsi wavuvi wa kwao wanavyomfunga kamba mkiani taza, samaki anayenata kwa kichwa, wakamwachia baharini hadi amgande kasa, kisha wakawavuta wote wawili. Mwalimu, mtu wa bara, alikuwa ameukata ukurasa mzima kwa wino mwekundu.

"Hii ni hekaya," alisema. "Umeitoa kitabu gani?"

"Si kitabu, Maalimu. Chanzo nimekuandikia hapo chini: mjomba wangu, kisiwani Koyama."

"Mjomba si chanzo. Andika upya, au somo hili utaanguka."

Binti aliweka simu yake juu ya kaunta, akaisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Mpigie basi. Kitabu hukiulizi kikakujibu. Yeye atakujibu."

Mwalimu alitazama saa yake, akaondoka. Kesho mgeni akienda kumhoji mjomba yule yule, akayachapa maneno yake kitabuni, mwalimu huyu atakuwa wa kwanza kukinukuu.

Nilidhani binti atalia. Kumbe alimgeukia mwenye duka.

"Kaka, nichapie ile ile, usiguse neno. Ila kwenye vyanzo, chini ya mjomba, ongeza: Na mimi mwenyewe, niliyeshika kamba."