Pale ni pa Sesiliya

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya gundi, mwanangu Keza. Jana ulipokuwa unahamisha kaseti yangu ya zamani kuiingiza kwenye simu, uliniuliza mimi bibi yako, "Nyogokuru, huku mwisho pako bule, hakuna mutu anasema. Nikate?" Nami nikakunyang'anya simu, ukabaki umenikodolea macho. Sasa kaa hapa nikueleze. Na hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Nilikuwa msichana, nauza kaseti katika duka la redio kule mtaa wa Buyenzi. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani, na humo ndani alifanya kazi Deo, fundi wa sauti. Ndiyo, ni babu yako, lakini wakati ule hakuwa babu wa mtu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye maneno mengi. Watu walikuja kwake kurekodi salamu za kuwapelekea ndugu walio Kigoma, Uvira, hata Ulaya. Simu zilikuwa za wakubwa, na barua ilitaka mtu wa kukusomea. Kaseti ilijisemea yenyewe.

Deo aliipenda historia ya kazi yake kuliko chakula. Ukimpelekea redio mbovu, kabla hajaifungua atakusimulia kwanza habari za Mfaransa mmoja wa zamani aliyepaka karatasi masizi, akategesha unywele mgumu uwe unacheza juu yake mtu anapoimba. Sauti ikajichora mistari kwenye masizi, lakini hapakuwa na namna ya kuisikia tena. "Maskini muzee wa watu," Deo angesema, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, "alikamata sauti, akakufa bila kuisikia." Kisha angefika kwa yule Mmarekani aliyezungushia silinda karatasi ya bati, akapaza sauti mbele ya sindano, na ile sindano ikamrudishia maneno yake mwenyewe. Baada ya hapo zikaja nta, santuri, mpaka mkanda wa sumaku uliokuwa mezani kwake. Aliwataja watu wale utadhani ni wajomba zake. Mimi nilisikiliza yote, wateja wakingoja dukani, wala sikujali. Nadhani umeshaelewa hali yangu ilikuwaje.

Mama yangu alikuwa analima mihogo Ruziba. Dada yake mkubwa, Sesiliya, aliishi Kigoma, na walikuwa hawajaonana tangu ujana wao. Ikaja habari kwamba Sesiliya yuko kitandani na hatainuka tena. Mama magoti yalikuwa yamemshinda, safari ya ziwani hakuiweza. Akataka jambo moja tu, amsalimie dada yake kwa akazehe kabla hajafa.

Ninyi watoto wa Kinanira akazehe mnaiona kwenye sherehe tu. Sisi tuliikuta nyumbani. Wanawake wawili wanakumbatiana, mmoja anaanza kuimba salamu, mwenzake anapokea, sauti zinafuatana mpaka hujui nani ni nani. Mtu peke yake hawezi kuimaliza.

Basi Mama akaja Buyenzi na kitambaa chake kizuri kichwani, akaingia kwenye kile chumba, akaimba nusu yake. Anaimba, ananyamaza, anatikisa kichwa kama anayesikia kitu, anaendelea. Macho ameyafumba, mikono ameinyoosha mbele. Mimi nilitoka nje nikalia.

Sasa, Deo alikuwa na desturi yake. Akimaliza kurekodi, huusafisha mkanda. Kikohozi, kigugumizi, mahali mtu aliponyamaza, vyote huvikata kwa wembe na kuunga ncha kwa gundi, kisha ndipo anapoihamishia salamu kwenye kaseti. Wateja walimsifu kwa hilo, maana kaseti moja ilibeba salamu za ukoo mzima. Na kwa kuwa huyu alikuwa mama yangu, alisafisha kwa bidii zaidi. Alitaka kumpendeza, mwanangu. Aliusafisha mkanda ule mpaka haukubaki hata na pumzi.

Kesho yake Mama akaja kusikiliza, na boti ilikuwa inaondoka bandarini jioni ile. Deo akabonyeza mashine, anatabasamu. Sauti ya Mama ikatoka mfululizo, haipumziki, kama mtu anayekimbizwa. Mama akasikiliza mpaka mwisho, uso umemshuka.

"Deo," akasema, "umemufunga dada yangu kinywa."

"Apana, Mama. Mi nilisafisha tu. Kulikuwa fasi nyingi za bule."

"Haiko bule. Pale ni pa Sesiliya. Sasa atanijibia wapi?"

Hakupaza sauti. Deo akamwomba aingie tena chumbani aimbe upya. Mama akakataa. "Dada yangu nimekwisha kumusalimia. Nikirudilia, nitakuwa ninachezea mashini."

Deo akapiga magoti, akainamia kikapu cha takataka, akaanza kuokota vile vipande vya mkanda vilivyojikunja na kuchanganyika. Akamuuliza Mama kwa sauti ndogo, "Na mi nitajuaje kila fasi ilikuwa na urefu gani?"

Mama akavuta kiti, akakaa karibu naye. "We zungusha," akasema, "mi nitamuimbia yeye." Na kila walipofika mahali pa Sesiliya, Mama aliimba ile nusu ya dada yake, polepole, na Deo akaupitisha mkanda mtupu mashinani mpaka amalize, akakata hapo, akapaka gundi. Wakaendelea hivyo hadi jua likaanza kushuka. Nilimwona Deo anafuta machozi kwa mkono wenye gundi, na nikajua huyu ndiye atakayenioa, atake asitake. Kaseti ikaiwahi boti, injini yake imeanza kunguruma.

Kaseti ya jibu ilikuja baada ya majuma mengi, pamoja na habari ya msiba. Mtoto wa Sesiliya alikuwa ameazima redio ya pili kwa jirani. Moja ikapiga sauti ya Mama, nyingine ikarekodi kila kilichosikika kitandani pale. Tukasikiliza sote watatu. Mama anaita, na katika nafasi yake, pale pale tulipopaunga kwa gundi, Sesiliya anapokea. Sauti yake imechakaa, lakini anapokea. Nafasi ya mwisho hakujibu. Inasikika pumzi yake tu.

Deo akanyoosha mkono kuzima. Mama akaushika. "Acha iishe," akasema. "Bado iko fasi yake."

Ndipo hapo ulipotaka kukata, Keza. Nasikia siku hizi hata ile karatasi ya masizi ya yule Mfaransa wameisoma kwa kompyuta, sauti ikatoka. Babu yako angefurahi mno. Lakini kunasa sauti watu wameshajifunza vya kutosha, na wewe ni fundi kuliko sisi wote. Kinachokushinda ni kungoja. Ujumbe wa mama yako unausikiliza kwa kasi mpaka anakuwa kama kuku. Rafiki yako akinyamaza kidogo, umeshamaliza sentensi yake.

Mwanangu, mtu akikusemesha, msikilize kwa mwendo wake. Ukimwita, mwachie mahali pa kukuitikia. Na asipoitika, usiharakishe kupajaza wala kupafuta, kwa sababu pale bado ni pake.

Mungu akupe watu wa kuwaita, akupe na subira ya kuwangoja. Uitikiwe na uwapendao, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Na siku mimi nitakaponyamaza, mwanangu, uniachie nafasi yangu.

Haya, chukua simu yako.