Laini Iliyokata Maneno ya Osea

Ezron alizaliwa Mbozi kwa wakulima wa kahawa, akasomea kompyuta Mbeya, na mwaka 2013 akawa fundi wa mitandao kwa Othmani, wakala wa forodha pale Tunduma. Othmani alitaka simu za intaneti ziunganishe ofisi yake ya Tunduma na gereji yake ya Mbeya.

"Laini tuliyonayo itatosha?" alimuuliza.

Ezron akapiga hesabu. Kila maongezi yangekula karibu kilobiti tisini kwa sekunde; watu watano wakiongea kwa pamoja, laini ya kilobiti 512 ingewabeba. Akajaribu Jumapili, ofisi ikiwa tupu. Sauti zilikuja safi.

"Itatosha, mzee."

Hakuhesabu nyaraka. Kila mchana mawakala wenzao wa Dar walituma hati za mizigo zilizoskaniwa, na zikianza kuingia zilijaza laini yote. Simu zikawa zinakatakata. Watu wakalalamika, Ezron akaahidi kupiga hesabu upya, lakini kazi zilimbana akawa anaahirisha.

Mchana mmoja Osea, fundi wa gereji, aligundua kwamba lori la dereva Twaibu, lililotoka kutengenezwa kwao, lilifungwa kifaa kibovu cha breki. Twaibu alikuwa Tunduma, ameshapakia shaba, na simu yake haipatikani. Osea akapiga ofisini kwa simu ya intaneti.

"Usimwachie Twaibu, breki zake haziko sawa!"

Fauzia, karani wa mapokezi, alisikia: "...mwachie Twaibu, breki zake... ziko sawa."

"Haya kaka Osea, nimekuelewa."

Osea akaridhika, akakata simu. Fauzia akatoka uani, ambako Twaibu alikuwa anangoja ruhusa ya kuondoka.

"Gereji wanasema uende."

Lori lilishindwa kusimama kwenye mteremko, baada ya kupita Nanyala, njiani kwenda Mbeya. Twaibu alifia ndani ya kabini kabla watu hawajaweza kumtoa.

Osea aliapa kwamba alikataza, na polisi wakamchukua Fauzia. Othmani akawaambia wafanyakazi kwamba binti yule hakuwa msikivu. Siku ile Ezron alinyamaza. Kesho yake alingoja nyaraka zianze kuingia, akampigia Osea, akamwomba arudie maneno yale yale huku yeye anarekodi. Kisha akaenda kituoni, akawachezea polisi rekodi ile; maneno yalikatika vile vile.

"Msikilizeni," alisema. "Mimi ndiye niliyesema laini itatosha."

Fauzia aliachiwa. Othmani alikuwa amekasirika.

"Umeniaibisha mbele ya polisi. Kwa nini hukuanza na mimi?"

"Ningekuambia, mzee, ungefanya nini?"

Othmani akamwonyesha mlango.

Ezron alimkuta Fauzia anafunga mizigo kurudi kwao Tabora.

"Asante," alisema bila kumtazama. "Lakini ni mimi niliyemwambia Twaibu aende. Akacheka, akaniuliza aniletee nini kutoka Mbeya."

Ezron akambebea begi hadi stendi. Basi lilipoondoka, naye akapanda gari la Mbozi, kwa wazazi wake, akakaa huko muda mrefu bila kugusa kompyuta.