Mkono wa Shemeji

Majirani walimwita Kapteni, ingawa katika miaka ishirini na miwili ya baharini hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote zaidi ya mwiko. Alikuwa mpishi wa meli za mizigo. Alipostaafu alirudi kwenye chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili, akiwa mgane, akajipangia maisha ya melini: Jumamosi asubuhi anapika mara moja, anagawa kwenye mabakuli matano yenye vifuniko, matatu friji, mawili kwenye barafu, basi. Chakula kilikuwa kile kile alichofundishwa na mpishi mwenzake, mzaliwa wa visiwa vya Karibiani: wali wa tui na maharage mekundu, samaki aliyepakwa ndimu, pilipili na punje fulani zinazonukia karafuu na mdalasini kwa pamoja, ndizi mbivu za kukaanga pembeni, na embe lililokatwa vipande vidogovidogo juu.

Kiharusi kilimkuta bafuni. Kilimwachia ulimi na miguu, kikaondoka na mkono wa kulia. Kuanzia hapo akaishi kwa mkate na chai, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba hana hamu ya kula.

Habari zilimfikia shemeji yake, dada wa marehemu mkewe, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Walikuwa hawajazungumza kwa miaka sita. Mke alipougua, Kapteni alikuwa majini. Alipofika nyumbani, udongo wa kaburi ulishakauka. Shemeji ndiye aliyeuguza, ndiye aliyezika, na hakulimeza hilo.

Jumamosi moja akabisha hodi, kikapu mkononi.

"Sikuja kukupikia, shemeji," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekuja kuwa mkono. Wewe sema, mimi nifanye."

Kapteni akakaa kwenye kigoda, akasema. Shemeji akafanya. Alimkata samaki kama anayekata kola, kila kipande sawa na mwenzake. Kapteni alimwambia mchele si soksi, usisuguliwe hivyo. Shemeji akapunguza kusugua. Mwishowe akapakua kila kitu kikiwa bado kinafuka mvuke, akabana vifuniko. Kapteni aliona. Alijua kwamba chakula cha moto hakifungiwi, mvuke hugeuka maji na wali huchacha. Alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Jumatatu wali ulikuwa unateleza. Jumatano shemeji alipopita kumjulia hali, alikuta mabakuli yote yameoshwa. Alipoelewa kwamba chakula kilimwagwa, akaanza kujilaumu: pengine samaki hakuwa wa siku ile, pengine tui, yeye ni mtu wa nguo, ya jikoni hayajui sana. Kapteni angeweza kuliacha hapo.

"Nilikuona unafunika vya moto," alisema. "Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kila ulichoshika ulikishika vizuri kuliko nilivyotaka."

Shemeji alichukua kikapu chake, akashuka ngazi.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Kapteni akajaribu kwa mkono wa kushoto. Samaki alivunjikavunjika, wali ukashika chini, na embe likamponyoka likaenda kusimama chini ya kabati, ambako aliliacha. Alikula alichoweza kukwangua.

Wiki ya pili yake hodi ikasikika. Safari hii shemeji alisema kwamba ataelezwa kila kitu, hata kile ambacho mwenye jiko hataki akijue. Kapteni akamweleza. Wali ukatandazwa kwenye sinia ili upoe upesi, na kwa dakika ishirini hapakuwa na la kufanya. Ndipo Kapteni akauliza kama mkewe alimtaja alipokuwa mgonjwa.

"Kila siku aliuliza meli yako imefika wapi," shemeji alisema. "Mimi nilikuwa sijui. Nikawa namtajia bandari, leo hii, kesho ile. Zilipoisha ninazozijua, nikabuni."

"Aliamini?"

"Moja tu aliikataa. Alisema jina hilo ni la sabuni."

Kapteni akaugusa wali kwa mgongo wa mkono mzima, akasema umepoa, wanaweza kuanza kupakua.

Mwaka umepita. Mkono wa kushoto sasa unamenya ndizi na kukoroga tui, na kisu bado ni cha shemeji. Mabakuli yamekuwa kumi; matano anayachukua yeye, anakula mchana dukani, cherehani ikiwa imefunikwa kitambaa. Wateja wakiuliza anunuapo chakula hicho, huwajibu kwamba hakiuzwi. Pilipili anaiona kali mno, na amemwambia Kapteni hivyo mara nyingi. Kapteni hajaipunguza.