Siku Nilipomwandikisha Jirani Yangu

Kosa langu lilikuwa kumwambia mapema. Nilikuwa nimepata kibarua cha kuandikisha kaya maskini mtaani kwetu, Gerezani, katika mradi wa yale malengo ya maendeleo ya dunia. Semina ilitufundisha kwamba lengo la kwanza ni kutokomeza umaskini, nami niliamini kwa moyo wote. Si uongo mtupu. Nimeona maji ya bomba yakifika uani kwetu, na watoto wakisoma bila kufukuzwa kwa sababu ya ada.

Katika chumba kilichotazamana na changu alikaa bibi mjane, aliyeuza vitumbua mpaka macho yakamgomea, na kila jioni aliniuliza kama nimekula. Siku moja nikamwambia, "Bibi, kesho nakuja na msimamizi kukuandikisha, upate msaada."

"Mgeni? Karibuni sana, mwanangu."

Bibi wa pwani hamkalishi mgeni juu ya ndoo. Asubuhi alizunguka mlango kwa mlango akiazima: makochi ya chumba cha mbele, televisheni ya fundi wa spea za magari. Kwangu alichukua feni, nami kwa ujinga wangu nikadhani ni joto tu. Nilipoingia na msimamizi nilikuta chumba kama cha biarusi.

"Televisheni ipo?" niliuliza.

"Ipo, alhamdulillahi."

"Na feni?"

"Si hiyo inakupepea?"

Alinitazama usoni. Ningesema ni yangu, ningemvua nguo mbele ya mgeni. Nikabonyeza "ndiyo" kwenye kishikwambi, swali baada ya swali. Msimamizi akanywa chai, akausifu usafi.

Orodha ya msaada ilipobandikwa, jina lake halikutoka. Nilimfuata msimamizi kumweleza, akanijibu kwamba vitu aliviona kwa macho yake mwenyewe. Bibi hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Miezi ikapita, kodi ikamshinda, mpwa wake akaja kumchukua, wakavuka kwa kivuko kwenda Kigamboni.

Ripoti ilipotoka tuliitwa ukumbini kupongezwa: katika mtaa wetu, kaya maskini zimepungua. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, huku nikijichukia.

Chumba chake kimegeuzwa stoo ya mabegi ya mfanyabiashara wa Kariakoo. Vyumba vingine navyo vinafuata, kimoja kimoja. Jioni narudi, napita katikati ya makufuli, na hakuna anayeniuliza kama nimekula.