Pini Iliyopita kwa Bi Twyla

Twyla Stroud hakuwahi kushinda kombe lolote. Nimeshika saa ya mashindano kwenye klabu yetu ya Flint Spring miaka ishirini na mbili, najua ninachosema. Alikuwa anapiga shabaha taratibu kama mtu anayekagua risiti ya dukani. Wenzake wakimaliza kituo kimoja cha shabaha kwa sekunde kumi na mbili, yeye thelathini. Lakini kwa miaka kumi na minane bastola yake haikugoma hata mara moja, na hilo hakuna mwingine wa kulisema pale kwenye machimbo ya zamani ya chokaa tunakopigia, mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza.

Asiyeucheza mchezo wetu haoni ukubwa wa jambo hilo. Ndani ya bastola kuna pini, chuma kidogo chembamba. Ukivuta triga, springi inairusha mbele, inagonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, risasi inalia. Mtu anayetaka triga laini huweka springi dhaifu. Springi dhaifu haiisukumi pini nzito kwa kasi, kwa hiyo hununua pini iliyochongwa na kutobolewa ikawa nyepesi. Balaa linaanzia hapo. Utauziwa kitu kinang'aa, kina jina kubwa, na siku ya mashindano kinaipapasa fataki badala ya kuigonga. Unasikia tik. Saa inakwenda, watu wanakutazama, na umeshakwisha.

Twyla ndiye aliyekuwa akituchagulia pini. Alipika katika jiko la shule ya wilaya kwa miaka thelathini na moja, na nusu ya wapiga shabaha wetu walikula maharage yake ya nyama na mikate yake ya mdalasini kila Ijumaa. Ndiyo maana mijitu mizima yenye ndevu ilimwita Bi Twyla na kuvua kofia mlangoni kwake. Walikuja na pini zao kwenye vipakiti. Aliipima kila moja kwa mizani ya baruti, akaipitisha chini ya kioo cha kukuzia, akaifuta mafuta yote, maana mafuta kwenye njia ya pini ni uchafu mtupu. Kisha alichukua maganda mia mbili ya risasi, hayana baruti wala kichwa, yana fataki tu, tena fataki ngumu kuliko zote zinazopatikana Missouri. Anayapiga yote kwenye gereji ya nyumbani kwake. Likigoma moja, pini imeanguka.

Namkumbuka Colby Renfro, fundi wa matrekta, ambaye ndiye mwenye kasi kuliko sote, alivyoleta pini ya rangi ya dhahabu.

"Hii umeitoa wapi?" Twyla akamuuliza. "Kwenye boksi la nafaka za asubuhi?"

"Bi Twyla, hiyo anaitumia bingwa wa jimbo."

"Basi mpelekee. Hii ni nyepesi mno. Inachapa kofi, mimi nataka ngumi."

"Lakini imelia mara mia na tisini na tisa!"

"Na ile ya mia mbili utaisikia siku ambayo mkeo amekuja kukuangalia."

Colby aliondoka amenuna, akarudi na pini ya chuma cha kawaida iliyochongwa ubavuni, ikapita. Anaitumia mpaka leo.

Ugonjwa wa Twyla ulianzia mkono wa kushoto. Alidhani ni baridi ya Novemba. Januari ukaingia wa kulia, na daktari wa Springfield akampa jina refu ambalo maana yake ni kwamba misuli inakauka, itaendelea kukauka, na dawa hakuna. Alinieleza hayo akiwa amekaa gereji, kwenye kiti cha plastiki, bila kulia. Mimi ndiye niliyetoka nje kujifanya natafuta kitu kwenye gari.

"Wewe mzee, rudi ndani," akaniita. "Sijakuita uje kunilia kama mbwa aliyeachwa mvuani. Nimekuita unisaidie hesabu."

Hesabu yenyewe ilikuwa hii. Triga ya bastola yake ilihitaji ratili tano za nguvu. Kidole chake kilikuwa na nne. Akaweka springi dhaifu zaidi na pini nyepesi zaidi, triga ikashuka hadi tatu na nusu, pini ikapita mtihani. Aprili kidole kikabaki na tatu. Akachagua tena, ikapita. Kila mwezi kidole kilishuka na springi ilishuka nayo, lakini fataki haikushuka. Fataki haina habari na mgonjwa. Siku moja springi inayowezwa na kidole chake ingekuwa dhaifu kuliko springi inayoweza kuwasha fataki, na siku hiyo pini iwe ya namna gani haitasaidia. Tulilijua hilo wote wawili.

Alichotaka ni kimoja tu: shindano la Septemba, la kufunga msimu. Apige vituo vyote sita, risasi mia moja na kumi, kwa kidole chake na kwa bastola aliyoichagulia pini mwenyewe. Nilimwambia atafute bastola ya aina nyingine. Akasema hawezi kuinua nyingine. Nilimwambia atumie fataki laini, zinazolia ukizigusa tu. Hapo akanikata jicho.

"Pini inayowasha fataki laini tu si pini, Gaylon. Ni kijiti cha kuchokolea meno. Siku dukani hazipo, utafanyaje?"

"Twyla, ni shindano moja tu."

"Kwa hiyo nidanganye? Miaka yote hii nimewarudisha watu na pini zao kwa sababu ya ganda moja, leo zamu yangu niilegeze?"

Agosti kidole kilikuwa na ratili mbili. Alikuwa hawezi tena kubonyeza fataki kwenye maganda, kwa hiyo nilizijaza mimi nyumbani nikamletea, na kuvuta triga nilivuta mimi, yeye akakaa karibu, akisikiliza kila mlio huku jicho likiwa kwenye kitako cha kila ganda. Pini ya kwanza ilianguka kwenye ganda la kumi na nne. Ya pili, la tatu. Ya tatu ilituchezea shere hadi la mia na sitini. Tulijaribu sita. Baada ya ya sita aliiacha mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine, akasema, "Imebaki moja. Hii ikianguka, basi, nakabidhi."

Nilimwona uso, na sikuvumilia. Nilienda nyumbani, nikayachukua maganda mia mbili, nikayajaza fataki laini nilizokuwa nimezificha kabatini tangu miaka zilipojaa tele dukani. Kwa macho hazina tofauti, zote zinang'aa vilevile. Nilijiambia namfanyia wema. Nilijiambia pia kwamba risasi za Septemba nitamjazia mimi, kwa fataki hizohizo laini, atapiga vituo vyake sita na asijue. Nilikuwa nimejipanga vizuri kabisa.

Pini ya saba ilipita. Mia mbili kwa mia mbili. Alipolisikia la mwisho alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka jana, akaniambia niichukue ile pini niishike.

"Unaiona hiyo? Ratili mbili! Nani mwingine kusini mwa Missouri angeiona hiyo pini?"

"Hakuna," nikasema.

"Sema tena, sijasikia vizuri."

"Hakuna, Twyla. Wewe peke yako."

Wiki nzima aliwapigia watu simu. Nikimpitia nakuta anamweleza mtu jinsi alivyoichagua, uzito wake, ncha yake ilivyochongwa. Iliniuma mno, kwa sababu kila alipofurahi ulimi wangu ulikuwa mzito zaidi.

Jumamosi ya shindano nilifika machimboni na boksi la risasi nilizomjazia. Nikamkuta ameshapanga zake mezani. Zilikuwa kwenye boksi la zamani, lenye mwandiko wake.

"Hizo za wapi?" nikamuuliza.

"Nilizijaza Februari. Za mwisho kujaza kwa mikono yangu."

"Mimi nimekuletea hizi, mpya."

"Wapelekee maskini," akasema akitabasamu. "Leo kila kitu ni changu."

Fataki za Februari zilikuwa ngumu. Ningeweza kusema palepale. Watu walikuwa hawajafika wote, Colby alikuwa bado anakunywa kahawa kwenye gari lake. Badala yake nilirudisha boksi langu kwenye gari. Nilijidanganya kwamba huenda pini itaweza, kwamba chuma nacho huwa na siku yake. Upuuzi wa namna hiyo.

Alikuwa wa nne katika kundi letu. Alisogea kwenye alama, akajaza bastola kwa shida, akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza saa, ikalia.

Risasi ya kwanza ililia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikasema tik.

Hakuna kati ya waliosimama nyuma yangu aliyewahi kusikia sauti hiyo kwenye mikono ya Twyla Stroud. Akaikwaruza bastola kwenye suruali yake ya jinzi ili kuitoa ile risasi iliyogoma, maana vidole havikuweza kuivuta nyuma sehemu yake ya juu. Ikamchukua sekunde nyingi. Akainua, akavuta. Ikalia moja. Kisha tik. Akakwaruza tena. Tik. Alikuwa na sahani tano za chuma bado zimesimama mbele yake, na saa ilikuwa inakwenda mkononi mwangu.

"Bi Twyla, endelea tu!" Colby akapaza sauti. "Piga tu, mama!"

Alikwaruza mara ya tatu na bastola nusura imponyoke. Basi akaishusha ikiwa inaelekea mbele, kama inavyotakiwa, na akasema bila kugeuka, "Nimemaliza, Gaylon."

Ikabidi nitoe amri kama anavyoamriwa mtu yeyote. Toa risasi, onyesha. Akaonyesha, akarudisha bastola kwenye mfuko wa mkanda wake, akainama kwa taabu akaokota zile risasi zilizogoma. Akazigeuza vitako, akatazama vile vishimo vidogo vilivyoguswa tu juu juu.

Nilidhani atakwenda kwenye gari. Badala yake aliligeukia kundi.

"Nisikilizeni nyote," akasema. "Hii pini niliipitisha mimi. Niliipa mia mbili, nikaisikiliza kwa masikio yangu, na nimekosea. Sijui nimekosea tangu lini. Kila mwenye pini yangu aitoe. Msiiamini mpaka mtu mwingine ameipima."

"Bi Twyla, yangu haijawahi kugoma," Colby akasema.

"Toa, Colby."

"Lakini mama..."

"Unakwenda kwenye shindano la jimbo wiki ijayo na pini iliyochaguliwa na mtu asiyejua tena anachokisikia? Toa."

Na jitu lile la futi sita likaenda kwenye meza ya usalama, likafungua bastola yake, likaitoa pini. Akafuata mwingine. Kisha wengine watatu. Nilisimama na saa yangu mkononi nikiwaangalia wanaitoa kazi yake yote ya maisha, chuma baada ya chuma, na hapo sikuweza tena.

Nilimvuta pembeni, nyuma ya rundo la matairi, nikamwambia yote. Nilisema haraka, kama mtoto anayetapika. Nikasema hukukosea. Nikasema pini za Colby na wenzake ni salama, sikio lako ni zima, mwongo ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yale mia mbili," akauliza. "Yote yalikuwa laini?"

"Yote."

"Kwa hiyo haikupita."

"Haikupita, Twyla."

Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru. Aliangalia ukuta wa chokaa, akatikisa kichwa polepole.

"Dakika tano zilizopita nilikuwa nimekosea tu," akasema. "Mtu aliyekosea anarudi nyumbani, anakaa chini, anachagua nyingine. Nilikuwa nimeshaanza kuifikiria. Sasa unaniambia sikukosea. Basi zote saba zimeanguka, na hakuna nyingine kwa kidole hiki."

Ndivyo ilivyokuwa.

"Nenda ukawaambie warudishe pini zao," akasema. "Zao ni nzuri. Waambie umefanya nini, usipunguze hata neno."

"Nitawaambia. Na wewe?"

"Nifungulie mkanda kwanza. Nimeshindwa."

Nilipiga magoti kwenye kokoto, nikaufungua ule mkanda pamoja na bastola yake, nikaupokea mikononi mwangu.