Fundi Aikande Huuliza Gari Lililala Wapi

Saa mbili asubuhi, Pasua, mjini Moshi. Aikande Swai amesimama mbele ya pikapu nyeupe, mikono nyuma, hajagusa hata boneti. Anamuuliza mwenye gari swali ambalo mafundi wengine hawaulizi.

"Baba, kabla halijaanza kusumbua, hili gari lililala wapi?"

Theodory, msomba ndizi wa Kibosho, anageuza shingo. Anamtazama Mzee Basili, mwenye gereji, aliyeketi karibu na geti. Amemfuata Basili, si huyu mama mwenye ovaroli, na anasema hivyo waziwazi. Basili anamwonyesha Aikande kwa kidole, basi.

Basili ana miaka sitini na sita na magoti yamemchoka. Januari ijayo, 1998, anarudi kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, Kilema. Gereji anataka kumwachia Aikande, aliyemfundisha tangu 1986, ila kwa sharti moja: wateja wamkubali. Gereji isiyo na wateja ni uwanja wa kuku, anasema mzee. Imebaki miezi miwili, na kila anayeingia bado anamtafuta yeye.

Aikande, mwenye miaka 34, hana kinyongo. Tangu magari yaliyotumika ya Japani yaanze kumiminika, anatengeneza manne hadi matano kwa wiki. "Mimi niko chini ya gari nahangaika, mteja yuko juu anampongeza mzee," anasema, akicheka mpaka anashika kiuno.

Pikapu ya Theodory kwenye tambarare inakwenda vizuri tu. Ikiona mlima, inakata tamaa, na petroli inakunywa bila adabu. Mafundi watatu wamebadilisha plagi, wakasafisha kabureta, wakachezea distributa. Wapi!

Hatimaye Theodory anakubali kwamba lililala nyumbani. Aikande anaendelea kuhoji: liliangalia juu au chini? Juu. Handibreki? Haishiki. Basi aliliacha kwenye gia namba moja, akaweka jiwe nyuma ya tairi, na kwa mvua hizi jiwe likateleza? Theodory anakuna kichwa. Lilirudi nyuma kidogo, anasema. Kidogo mpaka wapi? Mpaka kwenye migomba. Mitatu ilianguka. Gereji nzima inaangua kicheko, na mwishowe yeye mwenyewe anacheka.

Huo ndio ugonjwa wa magari ya milimani. Gari likirudi nyuma likiwa gia ya kwanza, injini inazungushwa kinyume. Mkanda wa injini wenye meno, ukiwa umelegea, unaruka jino kwenye kemshafti, kile chuma kinachofungua na kufunga valvu. Valvu zikikosa wakati wake, nguvu hakuna.

Lakini Aikande hafanyi kazi kwa kubahatisha. Anazungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ifike juu kabisa, anafungua kifuniko cha mkanda, kisha anamwita Theodory ainame aone mwenyewe. Alama ya kemshafti na alama ya injini zimepishana jino moja. Anaurudisha mkanda mahali pake, anabadilisha springi inayoukaza, anazungusha injini mara mbili kwa mkono. Ndipo anapiga starti.

Theodory anaondoka na pikapu kuijaribu mlimani. 

Jumatatu iliyofuata, mwandishi huyu alikuwepo gerejini Theodory aliporudi, safari hii na madereva wawili wa Kibosho na magari yao. Basili akainuka kuwapokea. Wakamwamkia, "Shikamoo mzee," wakampita.

"Fundi yuko wapi?" akauliza Theodory.

Basili akaketi tena, macho yamejaa machozi, anacheka. Alisema hajawahi kudharauliwa vizuri namna ile. Akatoa funguo mfukoni, akamkabidhi Aikande mbele ya wote. Hakungoja Januari; ilikuwa mbali mno.

Aikande anapanga kuezeka nusu ya uwanja ili mvua isimkute chini ya gari. Alimwomba mzee awe anateremka kila mwezi kukagua kazi. Basili alikubali, ila akaonya kwamba ana pikapu yake mbovu kule Kilema, na siku atakayoileta atapanga foleni kama wengine.